Pori la kijiji: kitalu cha uwindaji, msitu wa mbao au mashamba ya ufuta?

Liwale, Nachingwea, Kilwa, Nanyumbu: popote kijiji kilipobakiwa na pori, mkutano mkuu una ajenda moja isiyoisha. Yupo anayesema waje wawindaji, dola ziingie. Yupo anayesema wageni wasitumalizie wanyama, tulinde msitu tuuze mbao. Na yupo kijana amesimama mlangoni, hajapewa kiti, anauliza kwa nini pori limekaa bure wakati Juni ikifika ufuta unanadiwa na pesa inaonekana. Wote watatu wana hoja, ndiyo maana mkutano hauishi.

Haya yameandikwa kwa ajili ya wajumbe wa halmashauri za vijiji na wenye mashamba makubwa wa Lindi na Mtwara wanaotakiwa kutoa jibu. Hutasoma hapa kwamba uwindaji ni dhambi, wala kwamba ni mkombozi. Vijiji viwili vinavyopakana vinaweza kuingia kwenye mpango uleule, kimoja kikajenga zahanati, kingine kikabaki na ahadi, na idadi ya nyati isiwe na uhusiano wowote na tofauti hiyo.

Kwanza, nani mwenye nini

Ukifuata ushauri wa wenye ranchi wa nchi nyingine utapotea mapema. Afrika Kusini, sheria yao ya 1991 inamruhusu mwenye ardhi aliyezungushia uzio wa kutosha na kupewa cheti awe mmiliki wa wanyama waliomo ndani. Texas wanyama ni wa umma, lakini mwenye ranchi anauza ruhusa ya kuingia kwake, na bei anapanga yeye. Kenya walifunga uwindaji mwaka 1977. Sisi tulifunga 1973 tukafungua tena 1978, na tangu hapo mambo yetu yana utaratibu wake.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, mnyamapori ni mali ya umma, popote alipolala. Akilala kwenye shamba lako la mihogo bado ni wa serikali. Ardhi ya kijiji nayo inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kama mdhamini, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na halmashauri haiwezi kugawa kipande bila mkutano mkuu kuridhia. Mwenyekiti anayemwambia mtu "piga tu, mimi nimekuruhusu" ametoa ruhusa ya kitu asichokuwa nacho, na siku mambo yakiharibika jina lake ndilo litakaloandikwa kwanza. Kitu ambacho kijiji kinaweza kuweka mezani ni ardhi, ulinzi na utulivu. Hivyo vina thamani, ila lazima vipite kwenye mlango wa sheria.

Vipimo vitano

Kila chaguo nimelipima kwa maswali yaleyale. Nani anaamua mambo ya kila siku? Fedha inatoka wapi, inafika lini, na inafika ikiwa imebaki kiasi gani? Watu na mazao yao wanakaaje? Pori lenyewe linakuwaje baada ya miaka kumi? Na mkibadili mawazo, mnaweza kurudi nyuma? Swali hili la mwisho ndilo linalosahaulika sana mkutanoni, na kwangu mimi ndilo zito kuliko yote.

Chaguo la kwanza: kitalu cha uwindaji

*Nani anaamua.* Njia ya kijiji kuingia kwenye uwindaji wa kitalii ni Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, ile ambayo kila mtu anaiita WMA. Vijiji vinakubaliana kwenye mikutano mikuu, vinaandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi, vinasajili jumuiya na kuomba kuidhinishwa. Jumuiya ikishapewa haki ya matumizi ndipo inatafuta mwekezaji. Mfano wa karibu ni Magingo pale Liwale. Mkoa wa jirani wa Ruvuma wana Nalika na Chingoli huko Tunduru, na Mbarang'andu huko Namtumbo. Makaratasi yake huchukua miaka. Na mkishafika, mgawo wa wanyama (nyati wangapi, chui wangapi, simba yumo au hayumo) hupangwa na mamlaka za wanyamapori. Simba ana sharti lake: awe dume aliyefikisha miaka 6. Mgeni naye haingii porini peke yake; anafuatana na mwindaji bingwa pamoja na askari wa wanyamapori.

Kwa hiyo kijiji kinaamua kuingia au kutoingia, mpaka upite wapi, na nani awe kwenye uongozi wa jumuiya. Mengi ya baada ya hapo yanaamuliwa mbali. Wazee wa Liwale hawashangai. Pori la akiba la Selous walilijua kwa jina la Shamba la Bibi kabla hatujazaliwa, na miaka ya 1940 watu wa magharibi ya Liwale walihamishwa kwa sababu ya malale, nyuma yao hifadhi ikapanuka. Mzee anayeuliza "mpaka huu utasogea tena?" hana uchawi wala ukaidi. Ana kumbukumbu, na anastahili kujibiwa kwa ramani.

*Fedha.* Kampuni inalipia kitalu. Mgeni analipia kila mnyama, vibali, na siku anazokaa. Ukisikia bei ya safari ya siku 21 utadhani kijiji kitatajirika, lakini kinachofika ni kipande cha kipande. Kuna sehemu ya serikali kuu na sehemu ya halmashauri ya wilaya, ndipo inakuja ya jumuiya. Kanuni za WMA za 2012 zilitaka angalau nusu ya mapato ya jumuiya iende kwa vijiji wanachama, na iliyobaki iendeshe ofisi na kulinda maliasili. Igawanye nusu hiyo kwa vijiji vyote, kisha kwa kaya zote, uone. Kugawana mkononi ni kudanganyana. Inajenga darasa, inachimba kisima, inalipa posho ya askari wa wanyamapori wa vijiji. Kama mkutano umeahidiwa bahasha, umeahidiwa uongo, na heri ujue kabla ya kusaini.

Jambo la pili kuhusu fedha hii ni kwamba soko lake liko mbali na linatikiswa na mambo tusiyoyashika. Aprili 2014 Marekani ilizuia raia wake kuingiza pembe za tembo waliowindwa Tanzania. Mwaka 2015 simba mmoja aliyeitwa Cecil alipigwa nje ya hifadhi ya Hwange, Zimbabwe, dunia ikachafuka, na mashirika kadhaa ya ndege yakakataa kubeba nyara za uwindaji. Oktoba 2017 waziri wetu wa maliasili alitangaza kufuta vibali vya vitalu vilivyokuwa vimetolewa Januari mwaka huohuo, ili vigawiwe kwa mnada. Mwaka 2020 wageni waliacha kusafiri. Kijiji kilichoweka bajeti yote ya shule kwenye kitalu kilikuwa na sababu nne za kukosa usingizi ndani ya miaka saba.

*Watu na mazao.* Hapa ndipo ahadi nyingi hupotoka. Mtu atawaambia wawindaji watapunguza tembo wanaokula mihogo. Sivyo mambo yanavyokwenda. Mwindaji wa kitalii anatafuta dume mzee mwenye pembe kubwa, ndani ya kitalu, kwa idadi ndogo iliyopangwa. Kundi la majike na watoto wao linaloingia usiku kwenye mikorosho kufuata mabibo na kuvunja matawi, yeye halimhusu kabisa. Fidia nayo iliwekewa kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi mwaka 2011. Jina lenyewe linasema yote: si bei ya mazao, na kwa kanuni hizo haikuvuka ekari 5 hata kama tembo wamelala kwenye ekari 12.

Faida inayoonekana ni gari na doria. Kampuni makini inakaa porini kuanzia Julai, inafungua barabara, inachoma moto wa mapema, ina redio. Askari wa kijiji aliyekuwa akitembea kwa miguu anapata usafiri. Halafu kuna nyama. Nyati aliyepigwa asubuhi analetwa alasiri nyuma ya Land Cruiser, amefunikwa matawi mabichi, mbavu zikiwa bado nzima. Mzani hakuna. Kuna panga, gogo, na daftari la mtendaji, na kila balozi anaita kaya zake kwa majina huku watoto wakifukuza mbwa. Mafungu hayalingani hata siku moja, na ugomvi wa nani kapewa mfupa unaweza kudumu hadi msimu ujao. Lakini muulize bibi yeyote wa kijiji hicho uwindaji umemletea nini. Atataja ile nyama kabla ya darasa.

*Pori lenyewe.* Miombo yetu ni mnene, mbung'o wamejaa, na wanyama hawajipangi uwandani kama Serengeti. Mtalii wa kamera anachoka siku ya pili. Mwindaji anavumilia, tena wengine wanapenda hivyo hivyo. Ndiyo maana kwa sehemu nyingi za Liwale na Nanyumbu, ukisema utalii unasema uwindaji, upende usipende. Maeneo yaliyo jirani na pori la akiba la Lukwika-Lumesule, kando ya mto Ruvuma, yana sura hiyo.

Ila tusidanganyane kwamba kitalu kikishakuwepo ndiyo ulinzi tayari. Mfumo wa Selous na Mikumi ulikadiriwa kuwa na tembo wapatao 110,000 mwaka 1976. Sensa ya 2013 ilikuta kama 13,000. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo vitalu vilikuwepo. Ulinzi unaletwa na kampuni inayokaa kweli porini na kijiji kinachotoa taarifa. Kampuni inayoshika kitalu kwenye karatasi tu ni mwaliko kwa majangili.

*Kubadili mawazo.* Inawezekana, kwa shida. Mkataba una miaka yake, na kijiji kimoja kikitaka kujitoa kinavuruga mpaka wa wenzake. Pori, hata hivyo, linabaki pori. Mkitoka mtakuwa bado na kitu cha kufanyia uamuzi mwingine.

*Linamfaa nani.* Vijiji vingi vinavyopakana na pori la akiba, vyenye eneo kubwa lisilo na mashamba katikati, vyenye mto au mabwawa yanayobaki na maji Septemba, na vyenye uongozi unaoweza kusoma hesabu mbele ya watu. Angalieni mnapakana na nini hasa. Mwaka 2019 Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kilomita za mraba 30,893, ilimegwa kutoka Selous, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji.

Chaguo la pili: kutoruhusu uwindaji, kubaki na msitu wa hifadhi wa kijiji

*Nani anaamua.* Kijiji, kwa kiasi kikubwa kuliko kwenye WMA. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuunda kamati ya maliasili, kutunga sheria ndogo na kuvuna kwa mpango. Hamhitaji kusubiri vijiji vingine vinane vikubali. Kijiji kinapata usumbufu wa vibali na miongozo ya uvunaji inayobadilika, hilo lipo, lakini anayepanga bei ya mti na kumchagua mnunuzi ni watu mnaowafahamu.

*Fedha.* Kilwa ndiyo darasa. Kikole na Kisangi mwaka 2009 walikuwa wa kwanza Afrika kupata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha usimamizi mzuri wa misitu, kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji, na baadaye Nanjirinji A ikauza mbao kwa kiwango ambacho wilaya nzima ilikisikia. Ukilinganisha na kitalu, mnyororo ni mfupi: mnunuzi, kamati, akaunti ya kijiji.

Mpingo ndio unaotajwa sana, kwa vinyago vya Wamakonde na kwa zumari na klarineti za Ulaya. Usiuhesabu ukiwa umesimama. Mti unachukua miaka 70 hadi 100 kukomaa, na mwingi ukishaangushwa unakutwa na tundu katikati, au ufa unaopanda kutoka kisikini ukikata kiini cheusi vipande viwili. Mnunuzi anagonga kwa nyuma ya shoka, anasikiliza, anatikisa kichwa, na gogo mliloliota mwaka mzima linabaki palepale. Kijiji kinachokula vizuri kinauza pia mninga, mkongo, mpangapanga na mtondoro, na hakitegemei mti mmoja. Asali na nta zinaongezea, na Wangindo hawahitaji kufundishwa na mtu kuhusu mzinga.

Kipato chake hakiji kila mwaka sawasawa. Mnavuna eneo moja, mnaacha lingine. Mwaka wa kwanza na wa pili ni gharama tupu: kupima miti, kuweka mipaka, doria.

*Watu na mazao.* Wanyama wanabaki na hakuna kampuni ya kuleta gari, kwa hiyo tembo akiingia mko wenyewe na vuvuzela, tochi na kamba za pilipili. Kwa upande mwingine, msitu unabaki wazi kwa matumizi ya kawaida. Jambo hili wanaume husahau kulisema mkutanoni: ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa. Kina mama wanaochimba ming'oko, wanaookota uyoga na kuni kavu, wanaweza kuendelea kama sheria ndogo zimeandikwa kwa akili. Kwenye kitalu, msimu wa bunduki ukianza Julai unaangukia wakati huohuo wa kiangazi ambao ming'oko inachimbwa, na wenye kitalu hawataki watu wanaozunguka vichakani. Kwa huku kwetu ambako mashamba mengi yanarithiwa upande wa mama, kupitisha uamuzi bila kusikia upande huo ni kutafuta mgogoro.

*Pori lenyewe.* Linabaki, na wanyama wadogo wanarudi. Wakubwa inategemea jirani anafanya nini.

*Kubadili mawazo.* Ni rahisi kuliko yote. Msitu uliopimwa na wenye mipaka unaweza kesho kuingizwa kwenye WMA.

*Linamfaa nani.* Kijiji chenye msitu wa miti ya thamani, eneo la kati lisilotosha kitalu, na kamati inayoweza kulala porini. Pia kijiji ambacho watu wake wengi, kwa imani au kwa historia, hawataki kabisa mgeni na bunduki. Hiyo nayo ni sababu tosha. Haihitaji kupambwa kwa hesabu.

Chaguo la tatu: kulikata pori mashamba

*Nani anaamua.* Mkutano mkuu unaridhia, halmashauri inagawa, mtu anapata hati ya kimila. Baada ya hapo anaamua mwenye shamba. Kwa watu waliochoshwa na kamati, hii ni nafuu kubwa.

*Fedha.* Hapa kijana wa mlangoni anashinda hoja. Ufuta unapandwa Januari au Februari, unavunwa Mei na Juni, unapelekwa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), unanadiwa kwa stakabadhi ghalani kupitia vyama vikuu kama RUNALI na Lindi Mwambao, na pesa inaingia kwenye akaunti ya mkulima mwenyewe. Hakuna jumuiya katikati. Kaya moja yenye ekari chache inaweza kushika kwa msimu mmoja fedha ambazo kitalu hakitaiwekea mkononi kamwe. Korosho inachelewa miaka ya mwanzo, lakini mkorosho ukishakua ni urithi.

Bei zinapanda na kushuka. Novemba 2018 wanunuzi walikataa kupandisha bei ya korosho, serikali ikaamua kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulituma jeshi kukusanya. Waliokuwa na zao moja tu wanakumbuka jinsi malipo yalivyosubiriwa. Soko la mbali, basi, si tatizo la uwindaji peke yake.

*Watu na mazao.* Ukifungua shamba ndani ya pori umehamia kwa tembo, hukumfukuza. Kati ya Selous na Masasi kuna ushoroba, yaani njia ya wanyama, unaopita Liwale na Nachingwea kuelekea mapori ya akiba ya Msanjesi na Lukwika-Lumesule, na tembo wanaufuata hata ukiupanda mahindi. Ufuta hawaupendi sana kuula. Wanaukanyaga tu wakipita. Mahindi, mihogo na mpunga ni karamu. Na pori likishafunguliwa haliji shamba peke yake. Tangu wafugaji walipoondolewa bonde la Ihefu, Mbeya, mwaka 2006 na wengi wao kuelekezwa mkoa wa Lindi, kila eneo lisilo na mpango lina mvutano wa malisho na maji. Kugawa mashamba bila kutenga malisho ni kuahirisha kesi tu.

*Pori lenyewe.* Linakwisha. Ufuta unapenda udongo uliofyekwa karibuni, na baada ya misimu michache mkulima anasogea mbele na shoka. Nachingwea wana somo la zamani: mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga, wakafyeka, wakajenga reli na bandari ya Mtwara, na mapema miaka ya 1950 ukafa. Bandari tunayo. Karanga hatukuziona.

*Kubadili mawazo.* Hapana. Ukishagawa ekari kwa hati, hurudishi. Miombo inachipua, lakini mtoto wa mwenye hati naye amezaliwa.

*Linamfaa nani.* Kijiji chenye vijana wengi wasio na ardhi, mbali na njia ya tembo, chenye udongo unaobeba zao zaidi ya moja. Pia sehemu ya pori iliyokwisha kuliwa pembeni, ambayo hakuna mwindaji wala mnunuzi wa mbao atakayeitaka tena.

Na mwenye hati yake binafsi je?

Swali hili linaulizwa na wenye mashamba ya zamani ya mkonge kuelekea pwani, na waliochukua mamia ya ekari bara kwa ajili ya mifugo. Jibu ni fupi. Una haki ya kumkatalia mtu kuingia kwenye shamba lako na bunduki, hata akiwa na leseni. Huna haki ya kumruhusu awinde kama hana leseni, na ukipokea pesa kwa ajili hiyo umeingia kwenye ujangili kwa mlango wa mbele. Kama unataka wanyama wawe biashara yako, sheria ya 2009 ina utaratibu wa ranchi na mashamba ya wanyamapori kwa leseni, na kuanzia 2020 zimekuwepo kanuni za mabucha ya nyamapori. Ni mtaji mkubwa: uzio, mbegu za wanyama, daktari, ukaguzi. Kwa mtu mwenye ekari 300 na ng'ombe 80, sioni faida yake. Kwa mwenye maelfu ya ekari na mfuko mrefu, ni jambo la kuzungumza na ofisi ya wanyamapori ya wilaya kabla ya kununua hata nguzo moja.

Kwa hali yenu

Mnapakana na pori la akiba, mko vijiji vingi, na mashamba yenu yamekusanyika upande mmoja: anzeni na mazungumzo ya WMA, lakini muingie na bajeti ya kijiji isiyotegemea fedha hiyo kwa zaidi ya miradi ya nyongeza.

Mna msitu mzuri na mko peke yenu, majirani hawajakubali: tengeni msitu wa kijiji sasa. Majirani wakikubali miaka mitano ijayo, mtakuwa mmeshapima mipaka na wao bado.

Tembo wanapita katikati ya kijiji kila mwaka na watu wameshaumia: chaguo lolote lianze kwa kuchora njia ya tembo kwenye mpango wa matumizi ya ardhi na kutogawa mashamba juu yake. Msitegemee bunduki ya mgeni.

Vijana wanadai ardhi na wana haki: gawa ukanda ulio karibu na barabara na makazi, uache wa ndani. Vijiji vingi vinafaa kuchanganya hivi kuliko kushika chaguo moja kwa eneo zima, na sheria haikatazi.

Hamuelewani na uongozi wenu, hesabu za mapato ya mwisho hazijawahi kusomwa: msisaini chochote, si kitalu wala mbao. Mashamba ya mtu mmoja mmoja yatawaumiza kidogo kuliko fedha ya pamoja isiyosomwa.

Na kama mwekezaji ameshafika, amekunywa chai kwa mtendaji na anataka jibu kabla ya Ijumaa, muombeni karatasi tatu: kibali chake cha kampuni ya uwindaji, ramani yenye mipaka ya eneo analolitaka, na jedwali la malipo linaloonyesha kila shilingi inaingia akaunti ipi na mwezi gani. Jedwali lisomwe kwenye mkutano mkuu kwa sauti, mstari kwa mstari, na muhtasari upelekwe kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Mwenye nia ya kukaa miaka kumi atasubiri mkutano.